Nyumba Iliyohama na Mwenyewe

Jumamosi nilimsindikiza jirani yangu, mwalimu kutoka Uganda, kuhamia nyumba aliyonunua mtaa wa Kawangware. Tulimkuta mzee aliyemuuzia yuko juu ya paa, anang'oa mabati. Milango na madirisha vilikuwa tayari kwenye mkokoteni.

Mwalimu alitua sanduku lake polepole. "Mzee, hiyo si nyumba yangu?"

"Karibu, mwalimu," mzee akajibu, misumari mdomoni. "Wewe ulinunua ploti, kiwanja tu. Nyumba naenda nayo Riruta."

"Lakini ulinionyesha nyumba. Ukanifungulia hata mlango."

"Nilikuonyesha ploti. Nyumba ilikuwa tu hapo."

Mimi nimezaliwa nchi hii na bado mdomo ulibaki wazi. Majirani wa mzee hawakushangaa hata kidogo. Wawili walikuwa wamemshikia ngazi. Kumbe huko kila mtu anajua kwamba anayeuza ploti huondoka na mbao na mabati yake. Asiyejua ni mgeni, na mgeni hakuna anayemwambia.

Mzee alishuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akaonyesha kibanda cha mabati nyuma ya ua.

"Choo nimekuachia, mwalimu," akasema kwa upole kabisa. "Wewe ni mgeni wetu."