Tulivyohama Mjini, Mimi na Mwenye Nyumba Wangu

Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani nikipiga pindo la buibui la mteja, mwanamme mmoja akaingia chumbani kwangu na futi mkononi. Hakubisha hodi. Akainyoosha futi yake kutoka dirishani mpaka mlangoni, akaandika kitu kwenye simu, akageuka kutoka.

"Kaka, unapima nini?" nikamuuliza.

"Nimetumwa tu, dada. Wanasema hapa patatoka vyumba viwili na choo ndani."

Akapanda ngazi kwenda juu. Ndivyo nilivyojua kwamba nyumba inauzwa.

Nilikuwa nikikaa ghorofa ya chini ya nyumba hiyo, ndani ya Mji Mkongwe, tangu nilipoachana na mume wangu nikabaki na binti yangu, wakati huo bado ananyonya. Sasa yuko skuli. Mwenye nyumba alikuwa bibi mtu mzima, mjukuu wa Waarabu waliokuwa na mashamba zamani, na alizaliwa humo humo, kwenye chumba cha juu ambacho bado alikuwa akilala. Hakujaaliwa mtoto. Mimi nikimwita Bi Mkubwa, yeye akiniita mwanangu. Kodi aliyonitoza ilikuwa ndogo, na mwezi wa Idi nikimshonea gauni husema, "Basi, tushamalizana." Nilizoea, nikawa sijui tena nyumba mjini zinapangishwa vipi.

Jioni ile nilipanda kwake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaninyooshea mkono nikae. Hakunificha.

"Watoto wa ndugu zangu wanataka haki yao," alisema. "Nyumba hii ya baba. Kaka zangu wameshakufa, watoto wao wako Maskati na kwengineko, na wao ni warithi kama mie. Zaidi yangu, maana mie mwanamke, fungu langu ni nusu ya fungu la kaka."

"Na wewe umekubali?"

"Ntakataa vipi? Haki ni haki, mwanangu."

Mimi ndiye niliyekasirika. Yeye alinimiminia kahawa.

Mtaani kwetu nyumba zilikuwa zimeshageuka moja moja. Jirani niliyekuwa nikiazima chumvi kwake alihamia mitaa ya ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na mlangoni pake pakawekwa kibao cha nyumba ya wageni na vyungu vya maua. Ya pili ikafanywa mkahawa. Wageni wanaokuja kwa siku mbili tatu walilipa kwa usiku mmoja kodi ambayo mtu wa mjini angelipa kwa mwezi mzima, na kila mwenye nyumba alilijua hilo. Nilipoanza kuuliza chumba cha kupanga jirani na pale, ili wateja wangu wasinipotee, niliambiwa bei kwa dola. Mwenye nyumba mmoja alinitazama toka juu mpaka chini, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, hapa sisi hatupangishi tena wenyeji. Wenyeji hawahami."

Nikaingia kwenye mikono ya madalali. Dalali wangu alikuwa kijana wa pikipiki, mchangamfu, mwenye simu mbili ambazo hazikunyamaza. Siku ya kwanza nilipokuwa natoka, Bi Mkubwa aliniita kutoka dirishani.

"Nisubiri, nnavaa buibui. Kwani mie ntalala wapi?"

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba fungu lake halitatosha kununua hata stoo ndani ya mji aliozaliwa. Basi tukawa tunatafuta pamoja, mpangaji na mwenye nyumba wake. Dalali alituona mama na mwana, na sisi hatukumsahihisha.

Tulionyeshwa vyumba visivyo na dirisha, nyumba zenye maji ya chumvi, na ua ambamo tulitakiwa kuchangia choo na watu tusiowajua. Chukwani, nje ya mji, tulipata nyumba ndogo safi, yenye upepo. Tukasema tutarudi Ijumaa. Ijumaa dalali akatupokea huku anakuna kichwa.

"Imepanda, Bi Mkubwa. Kuna mtu kaja kaitazama."

"Kuitazama tu ndo ipande?" Bi Mkubwa akauliza. "Mie nnaitazama sasa hivi. Mbona isishuke?"

Dalali alicheka sana. Bei haikushuka, na kodi ikatakiwa ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja.

Nilianza kuwa na maradhi. Nikiingia nyumba ya mtu, kabla sijakaa nshahesabu vyumba. Nilikwenda kwenye harusi, watu wanakula biriani, mie nnamuuliza bibi harusi wamepanga wapi na kwa shilingi ngapi. Nikishona, nasikia miguu barazani, nasimama. Mara mbili nilikata kitambaa vibaya. Binti yangu alirudi skuli siku moja akanikuta nimefunga vyombo vyote vya jikoni kwenye mashuka, ilhali hatukuwa na pa kwenda.

"Tunahama leo?" akauliza.

"Hapana."

"Sasa tutapikia nini?"

Tukavifungua.

Nikafikiria Jambiani, kwa mama yangu mdogo anayelima mwani. Labda huko shamba, mbali na mji, nyumba ni rahisi, nilijiambia. Tulikwenda sote watatu. Mama mdogo alitupokea kwa furaha, akatupikia pweza wa nazi, na nilipomweleza haja yangu akasimama, akanishika mkono. "Njoo uone," alisema. Akatupeleka mpaka kwenye ukuta mrefu mweupe wa hoteli. Palikuwa pahala pa ukoo wetu, wajomba walipauza zamani kwa bei waliyoiona kubwa. Siku hizi yeye hubeba gunia la mwani mbichi kichwani, akauzunguka ukuta wote ndipo afike kwake.

"Kila wiki huja mtu kuniuliza changu nauza lini," alisema. "Chumba kipo, mwanangu, njoo ukae. Lakini utamshonea nani huku?"

Tulirudi mjini, Bi Mkubwa amelala au anajifanya amelala.

Nyumba ikauzwa. Warithi walikuja, watu wapole wenye kanzu safi. Mmoja wao alilia alipoingia chumba cha babu yake, kisha akatia saini kama wenziwe. Nilitaka kumchukia, sikuweza. Tukapewa muda wa kuondoka mpaka baada ya Mfungo Mosi, mwezi wa Idi.

Bi Mkubwa alichukua fungu lake akanunua nyumba Chukwani, nyuma kabisa, mbali na bahari. Nyumba gani? Kuta nne na vyumba vilivyogawiwa, bila paa, bila milango, mchicha wa porini umeota sebuleni. Alinipeleka kuiona, akanisimamisha katikati yake, jua linatupiga utosini.

"Hela zilizobaki hazifiki kwenye bati," alisema. "Weye ulikuwa umeweka ya kodi ya mwaka. Itie kwenye bati. Tukae sote, usinilipe kodi mpaka hela yako iishe."

Ilikuwa ni jambo zuri, na yeyote angesema alhamdulillahi. Mimi niliona tena watu wapole wenye kanzu safi wakiingia mlangoni. Nikasema neno ambalo sikuwahi kudhani ningemwambia mtu mzima.

"Na ukifa, Bi Mkubwa?"

Alikwenda mpaka penye tundu la dirisha, akaegemea ukutani, akanipa mgongo. Nilisikia nyundo za mafundi nyumba ya jirani.

"Nikifa wanarithi watoto wa ndugu zangu," alisema mwisho. "Kama ile." Kisha akaongeza, bado hajageuka, "Umeuliza vyema. Mie sikuuliza wakati wangu. Nliona haya."

Wiki ile alikodi gari akenda kwa kadhi, nami nikamsindikiza. Kadhi alimweleza kwamba theluthi ya mali yake anaweza kuiusia kwa asiyemrithi, haizidi hapo. Akamuuliza anamuusia nani. Bi Mkubwa akanionyesha kwa kidole. Kadhi akauliza, "Huyu nani wako?" Naye akajibu, "Mpangaji wangu."

Theluthi ya nyumba ile ni chumba na kipande cha ukumbi. Nilishukuru, nikatoa hela ya bati, na usingizi wangu haukurudi wote.

Tulihama kwa gari moja ya mizigo, vyetu na vyake vimechanganyika. Mwanzoni wateja wa mjini walinifuata, kisha wakapungua, kisha wakaanza kuja wa Chukwani, wenye sare za skuli na mapazia. Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa hatulii. Kila asubuhi alivaa, akapanda gari ya abiria kwenda mjini, akakaa kwenye baraza inayoelekeana na nyumba yake ya zamani, kutazama mafundi wakivunja na kujenga. Ikafunguliwa hoteli humo. Siku moja alirudi mapema.

"Kijana wa mlangoni kaniuliza, 'Bibi, unamsubiri mtu?'" alinambia huku anavua viatu. "Kwa adabu kabisa. Nkamwambia hapana. Nkaona basi."

Kesho yake hakwenda. Alihangaika ndani, akahamisha kitanda chake kutoka ukuta huu hadi ule, akamgombeza fundi wa plasta, akanitaka nimshonee pazia kisha akalikataa. Mimi nilikuwa nimeshasikia kwamba kiwanja cha pili kutoka kwetu kimepata mnunuzi, na nilikuwa nikienda mlangoni kila nikisikia pikipiki.

Ndipo binti yangu akaja na sare yake mkononi. Alitaka msumari ukutani wa kuitundikia. Nikamwambia angoje kwanza, plasta bado mbichi, na hatujui tutakaa kwa muda gani.

"Mwache apige!" Bi Mkubwa akasema kutoka chumbani kwake. "Ukuta wa nani huo?"

Mimi naye tukabaki tunafikiria ukuta ni wa nani. Mtoto hakungoja. Alichukua msumari na jiwe, akapiga, kipande cha plasta kikaanguka miguuni pake, akasogea kidogo pembeni, akapiga tena.