Kilo Alizotaja Mama

Mimi ni mwoga wa ndege, na sioni haya kulisema. Kabla ya safari ile nilijitia wazimu kabisa: nilikaa na simu nikitazama video za wataalamu wanaoeleza kwa nini ndege huanguka. Iliyonikaa kichwani ilikuwa ya ndege ndogo iliyoshindwa kunyanyuka kwa sababu watu na mizigo yao walikadiriwa tu, hawakupimwa.

Tusingepanda ndege kama mvua hazingekata barabara. Dada yangu alikuwa Dar, akisubiri kufanyiwa upasuaji wa kujifungua kesho yake, na mama yetu alishaapa kwamba mjukuu hazaliwi yeye akiwa hayupo. Tukakata tiketi za ndege ndogo inayotoka Kilwa Masoko.

Tulipoambiwa kila abiria ana begi moja dogo, mama alicheka. Kwetu mtu hamwendei mzazi mikono mitupu. Asubuhi nikamkuta chumbani amejifunga kanga mbili kiunoni, zimejaa korosho alizobangua mwenyewe, na juu yake pweza mkavu wa supu ya mzazi. Akavaa baibui lake pana, akageuka mbele yangu, akaniuliza kama panaonekana. Hapakuonekana, nami nikacheka naye.

Uwanjani walipima mabegi tu. Sisi wenyewe tuliulizwa kila mtu ana kilo ngapi. Mama, bila kupepesa macho, akataja kilo za kwenye kadi yake ya kliniki alipokuwa na mimba yangu. Mwandikishaji akaandika.

Kicheko kiliniisha tulipokaa kwenye kibanda cha abiria kusubiri. Mzee mmoja alikuwa na koti zito katika joto lile, mifuko imetuna. Bibi aliyekaa kando yake alinuka samaki nguru mkavu, wala hakuwa na begi. Mwanamke mwingine alikuwa na uso mwembamba na makalio ambayo uso ule haukuyajua. Nikawatazama mmoja mmoja, nikaona kila mtu mle ndani amefanya kama mama yangu. Nilitaka kwenda chooni, nikaogopa hata kusimama.

Nikamnong'oneza mama tumwambie rubani. Akanibana mkono, akasema tukishushwa dada yangu atapasuliwa bila mtu wake yeyote, na lawama hiyo nitaibeba mimi. Alinijua. Nikakaa na hofu mbili mpaka tukaitwa. Mama akapanda. Zamu yangu ilipofika, nikaweka mguu kwenye ngazi, ukagoma.

Rubani, mwanamume wa umri wangu, akaninyooshea mkono akidhani nahitaji msaada.

"Kaka," nikamwambia, "hizo kilo ulizoandikiwa si za kweli. Mama yangu amefunga korosho ndani ya baibui. Na wenzetu nao wamebeba."

Hakucheka. Akatushusha sote, akasema ndege haiwashwi mpaka kila kilichofichwa kiwe chini. Kisha yule mzee akavua koti, na wengine wakafuata: nguru, ufuta, nazi zilizofuliwa, mafungu ya korosho yaliyoviringishwa kwenye vitenge. Mama alitoka nyuma ya kibanda na kanga zake mbili, akaziweka chini bila kunitazama.

"Umeniaibisha mbele za watu," akasema.

Tukapimwa kwa mizani ileile ya mabegi, mmoja baada ya mwingine. Rubani akapiga hesabu, akarudia, akasema hata hivyo uzito bado umezidi. Uwanja ni mfupi, jua limeshakuwa kali, na hewa ikipata joto ndege hunyanyuka kwa shida. Abiria mmoja abaki. Hakuna aliyejitokeza. Nikasema nitabaki mimi, na sitadanganya, furaha ilinipanda mpaka kooni. Mama alirudi ndani bila kuniaga.

Nilisimama kando ya lile lundo nikidhani hofu yangu imekwisha. Ndege ikaanza kukimbia. Ikafika katikati ya uwanja, magurudumu yako chini. Ikapita pale tulipodhani ingeruka, magurudumu bado yako chini. Nikaanza kutamka shahada kwa niaba ya mama. Ilinyanyuka pale uwanja unapokaribia kwisha kabisa, ikapita juu ya vichaka kwa karibu mno hata matawi yakalala, ikaenda.

Wasindikizaji waliokuwa wananinung'unikia pale kibandani walikuwa wamesimama wote. Mwandikishaji alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikainama kuokota kanga za mama nizirudishe nyumbani, na mkono mmoja ukashindwa kuzinyanyua. Nikakaa palepale chini, nikalia.