Vidole Viwili Kwenye Usukani

Baba yangu alikuwa na tabia moja iliyomkera mama kwa miaka thelathini na mmoja. Akipigiwa simu akiwa gereji, hata iwe ni mama anauliza funguo za kabati ziko wapi, alijibu maneno mawili tu: "Niko kazini." Kisha anakata. Mama hubaki ameishika simu, akiitazama kana kwamba simu yenyewe ndiyo iliyomtukana.

"Siku moja nitakuja huko nikiwa nimefungwa magurudumu manne," alikuwa akimwambia akirudi. "Labda hapo utanisikiliza."

Baba alikuwa fundi wa usukani. Hakugusa injini, hakupaka rangi, na betri aliziona ni kazi ya watu wasio na subira. Gari linalovuta upande, usukani unaotetemeka, usukani mzito, hayo ndiyo yalikuwa yake. Alilipeleka gari kwenye barabara iliyonyooka, akashika usukani kwa vidole viwili vya kila mkono, akanyamaza. Akirudi anakuambia ugonjwa uko wapi, na ukifungua unaukuta palepale. Gereji nzima ilimwita Fundi Vidole, na mimi shuleni nilijigamba kwa jina hilo mpaka walimu wakanichoka.

Kisha presha ya macho ikamchukulia macho yake polepole, pembeni kwanza, halafu katikati. Leo ni mwaka wa pili hatofautishi chochote zaidi ya mwanga na kivuli. Siku ya mwisho alirudi na sanduku lake la spana, akalisukuma chini ya kitanda, akampa mama simu yake. Wanaopiga huambiwa, "Yupo, amepumzika." Nalichukia neno hilo. Mtu aliyepumzika hunyoosha miguu akaagiza chai. Baba alikuwa anakaa kwenye kochi wima, mikono magotini, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina lake.

Sasa kuhusu mimi. Nafanya kazi kwenye ukumbi wa mashindano ya magari ya kompyuta. Kuna viti, pedali, skrini pana, na watu wazima wenye ndevu wanaogombana juu ya kona ambayo haipo popote duniani. Kazi yangu ni kupima vifaa kabla havijanunuliwa. Napima nguvu, joto, kasi ya majibu, naandika ripoti. Wenzangu wananiita Mama Namba, na sijawahi kulikataa jina hilo.

Wiki ile tuliletewa mashine ya usukani ya daraja la juu kabisa, tukae nayo kwa majaribio. Usukani wetu wa zamani unazungushwa na mota kupitia mkanda, kwa hiyo habari nyingi za barabara zinapotea njiani kabla hazijafika mkononi. Hii mpya haina mkanda. Usukani umefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota, na mota yenyewe ni pande la chuma lenye ukubwa wa ndoo ndogo. Ukizubaa inakunyang'anya usukani na kukuachia viganja vinawaka moto.

Kwa siku tano niliipima, na namba zote zilikuwa za kupendeza. Lakini kulikuwa na kitu. Kila usukani ulipopita katikati, palipo sawa na kwenda moja kwa moja, nilisikia mkononi "tk" ndogo. Kwenye kifaa cha bei ile, tk haisameheki. Nikaandika kwenye ripoti: Irudishwe. Na mimi nikishaandika, nimeandika. Jumamosi mchana mleta mashine angekuja kuondoka nayo, au kuondoka na oda ya nyingine tano.

Ijumaa nilimsimulia mama wakati wa chakula, na baba akauliza akiwa bado anapapasa kijiko chake, "Hiyo tk inakuja kabla usukani haujawa mzito mkononi, au baada ya uzito?"

Siku tano nimekaa na mashine ile, na swali hilo halikunijia hata mara moja. Nilikasirika, na hasira yangu huwa haichagui njia.

"Si uje uisikilize mwenyewe!"

"Kipofu na usukani?" Baba alicheka bila furaha. "Unataka watu wafe?"

"Hafi mtu, baba. Ni kompyuta."

Mama alinikanyaga mguu chini ya meza, na kwa mguu wake ule, ulikuwa ujumbe mzito. Lakini asubuhi nilimkuta baba sebuleni amevaa shati lake la gereji, lile la buluu lenye doa la grisi ambalo sabuni zote zimeshindwa kuliondoa. Mama alimtumbukizia simu mfukoni, akanigeukia mimi.

"Ukimpoteza, usirudi."

Bosi wangu anaitwa Turbo kwa sababu mdomo wake hauna breki. Alipoona namwongoza baba kwa kiwiko alinivuta pembeni, akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Mama Namba, huyu mzee atapimaje? Haoni!"

"Haoni, bosi. Kusikia anasikia vizuri sana."

"Macho yamegoma," baba akajibu kutoka kule alikosimama. "Masikio bado yako zamu."

Tulimketisha. Alipapasa kiti, akapima pedali kwa ncha ya kiatu, akauzungushia usukani mikono yote miwili, vidole gumba akiviacha nje kama alivyonifundisha mimi. Turbo alikuwa ameiacha nguvu ya mashine juu kabisa, kwa sababu kila anayeingia anataka kupimana nayo misuli na kujirekodi. Gari lilipoondoka tu, usukani ukamchomoka baba mikononi.

"Huyu ana hasira," baba akasema. "Mpunguzeni."

"Mzee, hiyo ndiyo sifa yake! Watu wanataka nguvu."

"Sikuja kupigana mieleka, mwanangu. Nimekuja kusikiliza."

Nikashusha nguvu mpaka theluthi moja na kuliweka gari kwenye sehemu iliyonyooka. Baba akabakiza vidole viwili kila mkono. Akapeleka usukani kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto tena. Nilikiona kidevu chake kikiinuka, na kidevu kile nakijua tangu nikiwa mtoto.

"Nimeipata. Uzito kwanza, tk baadaye. Ingekuwa ndani ya mota, ingetangulia."

Mkono wake wa kushoto ukaachia usukani, ukapita nyuma ya mashine, ukatulia juu ya bamba la chuma ambapo mashine imefungwa. Akazungusha tena kwa mkono wa kulia.

"Mashine nzima inahama. Kidogo tu, unene wa ukucha. Mota haina kosa." Vidole vyake vikapita juu ya vichwa vya bolti nne, moja baada ya nyingine, vikarudi kwenye ya kwanza. "Nani alifunga hizi?"

Ukumbi ulikuwa na watu sita, na wote waliniangalia mimi.

Nilikuwa na miaka tisa baba aliponipa spana ya magurudumu kwa mara ya kwanza. Hufungi nati kwa kuzunguka, alisema. Unakaza hii kidogo, unavuka upande wa pili, unarudi, unavuka tena, kidogo kidogo, mpaka gurudumu likae lenyewe. Ukizunguka, ya kwanza inavuta chuma upande wake, na gurudumu linakaa limepinda. Mimi nilikuwa nikiwasimanga wenzangu kwa kosa hilo hilo. Na mashine hii nilikuwa nimeifunga kwa bisibisi ya umeme, kwa haraka, ya kwanza mpaka mwisho, nikizunguka.

"Mimi, baba."

"Umezunguka."

"Nimezunguka."

"Na kidude cha umeme."

"Na kidude cha umeme."

Turbo alishika tumbo akicheka. "Mtoto wa fundi! Siku tano anaisingizia mashine ya watu!" Nilitamani kumziba mdomo kwa kitambaa cha grisi, lakini alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Zamani gereji, baba angenifokea mpaka wateja wanionee huruma. Safari hii alinyoosha mkono tu.

"Lete spana ya mkono."

Alipiga goti sakafuni. Akalegeza zote nne, akalitikisa bamba mpaka likajilaza vizuri, akaanza kukaza kwa kuvuka. Hakuomba samahani kwa mtu yeyote, hakuuliza kama anasumbua, na alipotaka nisogee alinisogeza kwa bega. Nyumbani kwa miaka miwili alikuwa akiomba samahani hata akiigonga meza. Nilisimama pale nikiwa na aibu yangu yote, na bado nilijisikia fahari.

Tulipowasha tena, tk haikuwepo. Nikaingia kwenye ripoti, nikalifuta lile neno langu.

"Haya, tk imekwisha," Turbo akasema. Alikuwa amepunguza sauti. "Lakini mzee, mashine inafaa? Niagize?"

"Usukani unaulizwa swali moja tu. Je, unaniambia ukweli wa tairi? Liharibu kidogo hilo gari humo kwenye kompyuta. Toa kitu, usiniambie ni nini."

Turbo akageuza kibodi ili hata mimi nisione, akabofya, akarudi na uso wa mtu asiyejua lolote. Nikaketi kwenye kigoda kando ya baba, kwa sababu njia lazima mtu aione.

"Kona ya kulia inakuja. Breki. Sasa, kulia, kulia, nyoosha."

Nilichelewa kidogo kumwambia anyooshe, tukatoka nje ya barabara.

"Haya ni majani," baba akasema, akitabasamu. "Kumbe hata majani wanayaleta mpaka huku! Nirudishe barabarani."

Tukarudi, tukaingia kwenye mnyooko mrefu. Baba akalegeza mikono mpaka vidole viwili, akanyamaza. Hata Turbo alinyamaza, jambo ambalo sijaliona tena.

"Mbele kushoto," baba akasema. "Tairi la mbele kushoto halina upepo. Na si kidogo, umelinyonya kweli kweli."

Turbo akaitazama kibodi, akamtazama baba. "Amechungulia," akasema, kisha akasikia alichokisema, akajishika kichwa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, baba akicheka kuliko wote.

"Rudisha upepo," akasema machozi yakimtoka. "Nataka mzunguko mzima, bila majani."

"Na hizo tano zikija, mzee, utatufungia?" Turbo aliuliza huku akibofya. Hakukuwa na utani kwenye sauti yake.

"Nitazifunga. Huyu atanishikia taa," baba akajibu, akinielekeza mimi kwa kidevu.

Tukaondoka. Nilizitaja kona moja moja, na safari hii nilitaja mapema. Baba akayaacha maneno yangu yamwambie njia inaelekea wapi, na mikono yake ikajua yaliyobaki: ukingo, mteremko, mahali lami ilipochakaa. Alikuwa ameketi wima kama anavyoketi kwenye kochi, lakini huyu alikuwa mtu mwingine, na mtu huyo nilikuwa namfahamu.

Tulikuwa tumebakiza kona tatu simu ilipolia mfukoni mwake. Nilinyoosha mkono niichukue, kwa mazoea. Mkono wake ulifika kabla ya wangu. Akapapasa kitufe, akaiweka sikioni, mkono wa kulia bado uko kwenye usukani.

"Niko kazini," akasema. Akakata.

Tukamaliza kona zetu tatu. Hatukugusa majani.

Mara simu yangu ikalia. Alikuwa mama.

"Baba yako amenikatia simu," akasema.

"Pole, mama. Subiri nimpe uongee naye."

"Pole ya nini, we mtoto?" Sauti yake ilikuwa imelowa. "Usimsumbue. Mwache afanye kazi."