Mstari Usiopewa Samadi

Harufu ya samadi mbichi ya ng'ombe, ile inayotoa mvuke asubuhi, wengine inawakunja uso. Mjukuu wangu Adela, ndiye anayeniandikia haya maana mimi kalamu siijui, anaziba pua kabisa: "Bibi, jamani!" Andika tu, binti wa mjini. Mimi harufu ile inanirudisha nyumbani kwetu Muleba, nina kama miaka tisa, nimebeba chungu kilichovunjika mdomo, nakimbia kwa kujificha kuelekea rweya. Rweya ni yale majani ya wazi nje ya kibanja, udongo wake njaa tupu. Kibanjani ndiko kwenye migomba na kahawa na maharage, ndiko samadi yote inakokwenda. Kwetu mgeni akija haangalii nyumba, anaangalia mimea. Akikuta jani la njano anajua humo ndani mna mwanamke mvivu. Mae, mama yangu, alikuwa na sauti nyembamba kama filimbi, na kwa nilivyozoea kumwiga alishanichapa mara nyingi: "Koku, ukipanda umezaa! Mtoto hafungiwi chakula eti umwone atakuwaje!"

Kaka yangu Deo alikuwa anasoma, mimi sisomi. Tumbo moja, ziwa moja, yeye akapewa kaptura na daftari, mimi nikapewa jembe. Lakini shule ilikuwa inanifuata nyumbani, kwa sababu mwalimu wao, Mwalimu Laurenti, hakutaka watoto wakariri. Kila kitu wajaribu. Basi Deo anarudi jioni na mambo: kamua maua mekundu, maji yake tia ndimu, yanazidi wekundu, tia maji ya majivu, yanageuka kijani. Funga jiwe kwa kamba, lishushe ndani ya ndoo ya maji, unasikia mkononi limekuwa jepesi kama limepungua mwili. Deo alikuwa anachoka kabla hajaanza kazi. Aliyekamua maua ni mimi, aliyebeba jiwe ni mimi. Yeye alikuwa anaandika.

Masika moja mwalimu akawaambia kila mtu abuni jaribio lake la mimea. Deo akachagua maharage. Mistari miwili huko rweya, mbegu za kibuyu kimoja, siku moja, mstari mmoja unapewa samadi, wa pili haupewi kitu. Mwalimu alikuwa anaongea puani kama aliyeingiwa na nyuki, na Deo akanirudishia maneno yake: "Tofauti iwe mmmoja tu! Mmmoja!" Nikamsahihisha Deo sauti, maana alikuwa haigi vizuri, halafu akaniachia shamba akaenda kucheza mpira. Sikujua namba zaidi ya vidole vyangu. Nikachukua kamba mbili za mgomba, kila mstari kamba yake. Kila Jumamosi naweka ncha ya kamba chini, nainyoosha pembeni ya mche mpaka ulipofika, hapo nafunga fundo.

Jumapili moja baada ya misa mwalimu akapita kwetu. Akaziona kamba zimetundikwa ukutani, akauliza ni nani kafunga. Deo anaangalia vidole vya miguu, halafu ananionyesha kwa kidevu. Mimi niko nyuma ya gauni la Mae. Mwalimu akamwambia Taata, baba yetu, kwa heshima ya Kihaya, "Mzee, waitu, huyu binti anapima kuliko darasa langu zima. Nitarudi kukagua kabla hayajatoa maua. Nikikuta jaribio limekwenda sawa, Januari nipe nimwandikishe mwenyewe." Taata akakohoa kile kikohozi chake cha beberu: "Eeeh. Kama litakwenda sawa. Tutaona." Nyie, sikulala kitandani, nililala juu ya lile neno Januari. Nikawa naota nimevaa sketi.

Sasa mstari ule wa pili ukaanza kuwa wa njano. Mwenzake umekuwa kijani mpaka unang'aa, wenyewe umenywea, majani kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Deo ameniambia, "Usiuguse!" lakini hakuniambia kwa nini, na mimi sikuuliza. Kila nikipita naona kama unaniita, na sauti yake niliiiga peke yangu, ndogo ndogo: "Koku, mimi nimekosa nini?" Halafu nikawaza mbele. Mwalimu anarudi, na Taata anakuja naye, watasimama pale waone mstari una njaa. Watasema huyu ndiye wa kuandikishwa, mtoto aliyeshindwa kulisha maharage? Ndiyo nikachukua kile chungu. Nachanganya samadi na maji, namwagia kila asubuhi kabla Mae hajatoka. Mvua ikanisaidia. Tenda wema uende zako, wanasema. Mimi nilitenda nikabaki palepale kuusifu.

Siku mwalimu aliporudi, mistari yote miwili ilikuwa inalingana kama mapacha waliovishwa siku ya Komunyo ya kwanza. Nilisimama pembeni natabasamu mpaka mashavu yakauma. Mwalimu akaangalia huku, akaangalia kule, akamshika Deo sikio: "Umefanya nini hapa?" Deo akaanza kulia kabla ya fimbo. Nikasema, "Si yeye, mwalimu. Ni mimi. Ulikuwa na njaa nikaulisha." Mwalimu akaomba ile kamba ya mstari wa pili. Akaipitisha vidoleni kama rozari: fundo, fundo, fundo, yanakaribiana, halafu ghafla fundo mbali. Mimi ningeweza kuyafungua mafundo nikayapanga yapendeze, lakini halikunijia hata kichwani. Mche ulifika pale, fundo lazima likae pale. Akafungua mdomo kusema. Taata akamtangulia: "Umeona, mwalimu? Aliyeshindwa kuacha maharage kama alivyoambiwa, darasani atakaa?" Nikamwangalia Mae, aliyenifundisha kulisha. Mae akaangalia chini. Mwalimu akatia kamba mfukoni akaondoka. Nilimngoja Jumapili nyingi, nikisikia mtu anaongea puani nachungulia. Kabla ya Januari alihamishwa. Alichotaka kusema sikukijua.

Majuto ni mjukuu, na wangu huyu hapa kakaa mkekani na kalamu. Anasoma sekondari Bukoba, kule Kahororo, amepanga chumba Kashai. Likizo iliyopita alikuja na kazi ya shule, nanyi mtashangaa: maharage, mistari miwili, mmoja na samadi, mmoja bila. Roho ikaniruka. Nikaenda kuchagua mbegu. Narudi nakuta ameshamaliza, jedwali limejaa, wiki ya kwanza mpaka ya sita, na siku yenyewe ndiyo kwanza amefika. "Bibi, kila mtu anajua jibu. Mwalimu mwenyewe anataka litoke hivyohivyo. Shuleni kemia tunasoma rangi ambazo hatujaziona, chupa hazina kitu." Alipata vema zote. Mimi na mafundo yangu ya kweli nilipata jembe. Usilie, Adela, andika.

Nikapanda mwenyewe, nyuma ya jiko. Wa kwanza nikaupa samadi. Wa pili nikaupita kila asubuhi na chungu mkononi, nimegeuza shingo, kwa sababu miaka yote hii nilitaka kujua kitu kimoja: kama nisingeulisha ungefika wapi. Nilidhani ungekufa, na nilikuwa nimejiandaa kusema afadhali nilivyofanya. Haukufa. Ulisimama, wa njano, mfupi, haufiki gotini, ukatoa maua machache na maganda yenye punje mbili mbili zilizokunjamana. Umeishi mpaka mwisho pembeni ya mwenzake, ili ajulikane alivyo mrefu. Deo alikuja kunitembelea, mzee mwenye miwani na pensheni, akauangalia akasema, "Koku, hata huu umezaa, si haba." Nilitaka kumwiga sauti, anicheke kama zamani. Nikaikosa sauti yake. Nimezivuna zile punje, zinajaa kiganja kimoja. Sijazipika wala sijazipanda.