Dirisha Lingoje Kuitwa

Mzee Tajdin, mwenye boti iendayo kisiwani Songo Songo, hachoki kumtazama karani wake akiandika majina: vidole mbio, macho kwa abiria, kamwe si kwenye kioo cha kompyuta. Zamani kila dirisha jipya lilimrukia karani mbele na kumeza herufi za majina, mpaka siku moja bibi mmoja akavuka bahari bila kuwamo kwenye orodha. Karani hakulala na aibu ile. Akaiandikia kompyuta amri zake mwenyewe: dirisha jipya lifunguke nyuma, lingoje kuitwa, na orodha ya abiria ikae juu ya yote.

Leo mzee alimsogelea. “Mbona barua pepe niliyokutumia haitokei?”

“Imefika, mzee. Iko nyuma ya abiria.”

Vidole havikusita. Tajdin akatabasamu kama baba mzazi, akavuta kigoda, akakaa kwenye foleni nyuma ya mama mwenye kuku, akangoja kuitwa.