Kisilu, Kitabu cha Watalii na Jiwe la Nzambani

Wacha niwaambie mimi mwenyewe kuhusu mume wangu, maana hapa Migwani kila mtu ana hadithi yake ya Kisilu na jiwe, na zote ni za uongo isipokuwa hii yangu.

Kisilu alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja pale sokoni, kati ya fundi wa viatu na duka la mahindi, na ukutani kulikuwa na pazia lililochorwa ndege, minazi na hoteli ya ghorofa. Mtu alikuja na koti la kuazima, akasimama mbele ya hiyo hoteli, akakunja uso kama anayesomewa kesi, Kisilu akabonyeza. Hivyo ndivyo watu wetu wengi walivyowahi kufika hotelini.

Nami nilimpenda, sina haya kusema. Alikuwa mrefu, mpole, akicheka anafuta macho. Aliponiambia, "Inua kidevu kidogo, Ndila," niliinua kidevu na moyo pamoja. Mwaka wa sabini na sita tulikuwa tumeshakubaliana, wazee wake wamekuja kwetu wakapokelewa, na mbuzi wa ntheo walikuwa waletwe Desemba. Sisi Wakamba, mbuzi hao wakishachinjwa nyumbani kwa msichana, huyo ni bibi ya mtu. Kabla ya hapo ni maneno tu.

Basi mwaka huohuo ndio ugonjwa wa picha za nchi ukamshika. Alikwenda Nairobi kununua filamu, akakutana na mtu wa kuchapa kalenda, akaambiwa kalenda zote siku hizi ni simba na theluji ya mlimani, watu wamechoka. "Ukiniletea picha nzuri za Ukambani, milima na mawe, bila mtu ndani," yule mtu alisema, "nitaziangalia." Kisilu akatoka pale akitembea juu ya hewa, na kabla hajafika stendi ya basi akawa amenunua kando ya barabara kitabu cha watalii kilichong'oka jalada.

"Picha bila mtu?" mama yangu aliuliza alipopata habari. Mama yangu aliitwa Nthenya, na alikuwa hapendi kitu kipite bila kukisemea. "Sasa hiyo ni picha ya nani?"

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Kisilu alikisoma kama wengine wanavyosoma Biblia, na penseli mkononi. Nilikuwa nikimpelekea chai pale studio nakuta wateja wamepanga foleni kwa benchi, yeye yuko dirishani ananong'ona na kurasa. Aliyeandika alikuwa ametupatia sisi ukurasa mmoja na nusu, nchi yote kutoka Mwingi mpaka barabara ya Mombasa. Kambu, kilisema, ni mahali pa kutia petroli. Tawa hakikuitaja kabisa. Na Kitui mjini, eti hakuna cha kumchelewesha msafiri.

"Hakuna nini?" nilipiga kelele. "Huyo alipita hapa na gari akameza vumbi, akaenda kutuandika! Aliingia kwa nani? Alikula wapi?"

"Ndila, tulia. Mambo ya miji hajui, lakini mambo ya mwanga anajua."

Ni kweli kulikuwa na kurasa za mwisho za watu wenye kamera, na hizo ndizo zilizomwingia. Amka kabla ya jua, zilisema, maana jua la mchana linaua picha. Weka kitu karibu nawe, mti au ukuta, jicho lipate mahali pa kuanzia. Usiridhike na upande mmoja. Zunguka kitu chako polepole, ngoja mwanga ubadilike, zunguka tena, mpaka ukijue. Na ukifika mahali pageni, chukua mwenyeji akuongoze.

Kisilu akachora safari yake kwa karatasi ya kufungia picha. Kwanza jiwe la Nzambani, pale nje ya Kitui. Halafu avuke kwenda Tawa, apige picha za matuta ya mashamba kule Mbooni mvua ikiwa imeyaosha. Halafu ateremke Kambu, alale kwa mtu wa kanisa, ili asubuhi apate vilima vya Chyulu vikiwa bado ni vya bluu. Kila mahali aliandika kando saa ya kuanza na upande wa kusimama, jinsi kitabu kilivyosema. Pale kwa mwenyeji wa kumwongoza, alipiga mstari akafuta.

"Mimi ndiye mwenyeji," alisema akicheka. "Nitaongozwa Ukambani na nani?"

Hapo ndipo alipokosea. Na si kosa la kitabu, shauri lile moja tu alilolikataa ndilo lingemwokoa.

Alirudi baada ya juma moja, mweusi kwa jua, midomo imepasuka, furaha tele. Kule Tawa, alisema, matuta yalikuwa yamepangana mpaka juu kabisa na mbaazi imesimama. Kambu madereva wa malori walimzunguka wakamuuliza anapima barabara ya nani. Alinieleza hata mawingu, huyu mtu, wingu moja moja. Nilikuwa namsikiliza namcheka, nikijiambia Desemba haiko mbali.

Halafu ikafika siku ya soko, na Kavata akaja na ndizi zake.

Kavata alikuwa anakaa kule Nzambani, karibu na jiwe lenyewe. Na mtoto yeyote wa Kitui anajua habari ya jiwe hilo kabla hajajua kufunga kifungo: ukilizunguka mara saba, kama wewe ni mwanamume unageuka mwanamke, na kama ni mwanamke unakuwa mwanamume. Watu wanakwenda pale kutalii, wanapanda juu, wanakula viazi vyao, lakini kuzunguka, mtu anazunguka kidogo halafu anakumbuka ana shughuli nyumbani.

"Huyu kijana wenu wa picha," Kavata alisema, sauti imejaa soko lote, "nimemwona na macho yangu! Ameanza asubuhi umande haujakauka. Amebeba chuma cha miguu mitatu. Anazunguka, anasimama, anaangalia juu, anazunguka tena. Mimi nimekwenda shamba, nimerudi, bado anazunguka! Nilihesabu mpaka nikachoka kuhesabu!"

Ngai! Mbona ile habari haikuhitaji miguu. Kufika jioni, Kisilu alikuwa ameanza kuota matiti. Wasichana walipita mbele ya studio wakiita, "Dada, tupige picha!" Wanaume waliokuwa hawana hata haja ya picha waliingia, wakamwangalia kifua, wakatoka. Fundi wa viatu alimuuliza kwa heshima kabisa kama sauti yake imebadilika.

Haya yote mimi ningeyacheka. Lakini niliporudi nyumbani nilimkuta mama ameketi na mikono imelala mapajani, na mama yangu hakuwa mtu wa kulaza mikono.

"Ndila, mimi nimeokoka," alianza. "Unajua. Mambo ya mawe siyaamini."

"Vizuri, Mwaitu."

"Siyaamini kabisa. Lakini hao mbuzi, waambie wasilete kwanza."

"Mwaitu!"

"Tungoje tuone. Mavuno yapite moja, mawili. Wewe ni msichana wangu wa pekee, sitakupeleka mahali nisipojua. Na Ndolo wa kinu bado hajaoa."

Ndolo wa kinu! Mtu anayekohoa unga! Nilitoka pale machozi yananiwasha, nikaenda moja kwa moja studio nikamkuta Kisilu anakausha picha kwa kamba.

"Ulizunguka mara ngapi?" nilimuuliza, hata salamu sikumpa.

"Nilikuwa nangoja mwanga, Ndila."

"Nimekuuliza mara ngapi!"

Akakuna kichwa. "Sikuhesabu."

"Mtoto wa Kitui! Unafika Nzambani, unazunguka, na huhesabu?"

"Kitabu kilisema nizunguke mpaka nilijue," alisema, na uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyevunja chungu. "Nilisahau kama ni lile jiwe. Nilikuwa naona picha tu."

Ningemfanya nini mtu kama huyo? Hasira ikaniisha palepale, ikabaki hofu. Maana yeye hakuweza kwenda kujitetea. Mkwe wa Kikamba na mama wa bibi yake wana nthoni, ile heshima ya kuonana haya. Hawasimami uso kwa uso wakaongea, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Sasa aende kwa mama yangu kumwambia nini, na juu ya kitu gani cha mwili wake? Hata wazee wake wangeanzia wapi? Kama ni mtu wa kusema, ni mimi. Na mama yangu alikuwa ameshaacha kunisikiliza.

Sikulala vizuri siku hizo. Halafu asubuhi moja nikavaa viatu vya kanisa, nikapanda basi la Kitui, na kutoka mjini nikatembea mpaka Nzambani. Nilimkuta Kavata anapalilia.

"Acha jembe," nilimwambia. "Wewe si unajua kuhesabu? Kuja unihesabie."

Alifikiri nina wazimu. Lakini alikuja, angekosaje? Aliketi pale njia inapoanzia, akaokota vijiwe, nami nikaanza.

Ile ya kwanza nilizunguka na hasira, sikuona kitu. Ya pili nikaanza kuona. Jiwe lilikuwa la kijivu upande huu, upande ule limeiva kidogo, jua lilipopanda kila mpasuko ukajionyesha, na huko chini nchi yetu imetandazwa ya kijani mpaka mbali, haina mtu hata mmoja. Nikasimama. Kumbe ndicho alichokuwa anakiona. Nilimwelewa siku hiyo kuliko siku zote za kuinua kidevu.

Lakini kutoka ya tano niliogopa, nawaambia ukweli. Mimi pia nilikuwa nimeokoka. Nilijishika kifua nikitembea. Kavata mwenyewe alisimama, akaniita, "Ndila, inatosha, rudi nyumbani!" Nikamwambia aweke kijiwe. Ya saba alihesabu kwa sauti ya chini, akaniangalia kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Unajisikiaje?" akanong'ona.

"Miguu inauma," nilimwambia. "Keshokutwa ni soko. Usisahau kusema."

Jioni nilimkuta mama anachambua mbaazi kwenye ungo. Nilisimama mbele yake, vumbi mpaka magotini.

"Mwaitu, nimezunguka jiwe mara saba. Kavata amehesabu, na unajua kinywa cha Kavata. Sasa chagua wewe. Kama jiwe halina nguvu, Kisilu ni mwanamume vile alivyokuwa, na watu wake walete mbuzi. Kama lina nguvu, yeye ni mwanamke na mimi ni mwanamume, na Jumamosi ni mimi nitafunga mbuzi kamba nimpeleke kwao. Lakini kuoana, tutaoana."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Umekula?"

"Sijakula."

Akaniwekea isyo, mahindi na maharagwe ya moto, akaketi kuniangalia nikila. Nilikuwa na njaa, nikala na mikono miwili. Ghafla akaanza kucheka, leso mdomoni, mabega yanaruka, na katika kile kicheko machozi yakaanza kuteremka.

"Nilitaka tu kushika mjukuu," alisema. "Niliogopa, Ndila. Niliogopa."

"Utamshika, Mwaitu."

"Waambie walete mbuzi." Alijifuta uso, akarudia mbaazi zake. "Lakini ukumbuke, kama wewe ndiye mwanamume wa nyumba hiyo, mimi ndiye mama wa mwanamume."

Nilidhani ni mzaha. Mbuzi wakaja, tukaoana kanisani mwezi wa pili, na yule mtu wa kalenda akachukua picha ya jiwe na moja ya matuta ya Tawa. Yale maneno ya mama nilimwambia Kisilu siku moja tukiwa tunacheka, akacheka hadi akafuta macho, nikayasahau.

Mwaka uliofuata nikazaa msichana. Kwetu jina la msichana wa kwanza halijadiliwi: ni la mama wa mume. La mama wa mke linangoja wa pili. Kalekye, mama yake Kisilu, alikuja asubuhi hiyo na uji wa mtama kwenye kibuyu, amevaa nguo yake nzuri, akampakata mtoto na kuanza kumwita "mwenzangu, mwenzangu" kabla hata jina halijatamkwa. Alimwangalia mwanawe, anangoja tu alitaje.

Kisilu aligusa mguu wa mtoto. "Mama," alisema, "huyu ni Nthenya."

Mimi nilikuwa sijaambiwa kitu, nilishika blanketi.

"Nthenya?" Kalekye aliuliza polepole. "Nthenya wa wapi?"

"Mama yake Ndila. Watu walipokuwa wananicheka, na wewe ukijifungia ndani kwa aibu, ni Ndila alienda akanizungukia jiwe. Wacha mama yake aanze."

Uso wa Kalekye ulijaa uchungu. Alinigeukia mimi.

"Ulizunguka kweli?"

"Kweli, Mwaitu. Mara saba."

Aliniangalia, akamwangalia mtoto, akaniangalia tena. Halafu akamweka Nthenya kifuani pangu, akavuta kiti karibu, akamimina uji na kuninywesha kwa mkono wake mwenyewe mpaka kibuyu kikaisha.