Kicheko cha Matangani

Nilimnyang'anya simu siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri, hata sare ya shule hajavua. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nina hasira za karibu, na kwa siku tatu nzima nilikuwa nikiyapanga maneno ya kumwambia. Akanipa simu bila kunitazama, akasema, "Shikamoo mama," akaingia chumbani. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtoto wa miaka kumi na minne anayetoa simu bila kubisha hana habari nayo tena, na nikajiuliza hana habari na nini kingine.

Huyu ni binti yangu wa kwanza. Mama yangu ndiye aliyemlea, kule Kilangala, tangu alipoacha kunyonya. Alikuja kwangu Rasbura alipofaulu kwenda sekondari, na mwaka haukuisha, mama akafariki. Tangu tulipotoka msibani mwanangu alikuwa anakula matonge mawili, anasukuma sahani. Kila Jumatatu tumbo linamuuma. Zamani alikuwa haachi kuimba akifua. Sasa alifua kimya. Majirani wakasema ni simu inayomharibu, nami nikakubali upesi, maana simu alipewa na mjomba wake na kosa lake halikunihusu.

Nikaifungia kabatini, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Wiki ikapita, hakuiulizia hata mara moja. Matonge mawili yakawa moja.

Siku moja mwalimu wa malezi akanipigia nikiwa kwenye cherehani, akaniomba nifike shuleni. Nilikuwa nashona sketi ya sare. Nikaiacha na sindano ndani yake. Mwalimu yule ni mdogo kwangu, akaniamkia vizuri, kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Mama, mwanao ana siku tatu haingii darasani. Anakaa nyuma ya maktaba mpaka kengele ya mwisho. Kuna neno wenzake wanamwambia."

"Neno gani?"

"'Bibi kashakuja kukuchukua?'"

Nilijua neno hilo limetoka wapi.

Siku ya maziko, jeneza lilipotolewa uani, mwanangu alilikimbilia, akaanguka mchangani, akapiga kelele, "Bibi, nichukue na mimi!" Wanawake wanne walimshika. Siku ya tatu, tulipoanua tanga, mtani wetu mmoja kutoka Mingoyo akaifanya kazi yake. Kwetu mtani ana ruhusa ya kuwaigiza wafiwa, na kumnunia ni aibu. Akajifunga kanga ya marehemu, akajitupa kwenye mchanga ule ule, akalia, "Bibi, nichukue na mimi!" Kisha akainua kichwa akanusa. "Lakini ngoja kwanza, pilau limeiva."

Ua mzima tulivunjika mbavu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, mara ya kwanza tangu mama afumbe macho, na kwa hilo namshukuru mtani mpaka leo. Mwanangu naye alitabasamu, au niliona hivyo kwa kuwa nilitaka kuona. Mtani alipomaliza alimpakata, akamlisha pilau kwa mkono wake.

Sasa mwalimu akaniwekea mbele simu yake, na kicheko kile kikaanza upya. Mpwa wangu ndiye aliyemrekodi mtani na kuituma video kwenye kundi la ukoo, hilo nililijua. Lakini video hii ilikuwa na maandishi chini yake: "Mtani kamwigiza binti yangu, jamani mbavu zangu!" Na vikaragosi vitano vya kucheka. Maandishi yalikuwa yangu. Niliiweka stetasi jioni ile ile, kila mwenye namba yangu aione, na mimi ni fundi ninayewashonea sare nusu ya darasa lake. Namba za wazazi wao ninazo zote. Mwalimu hakunisema. Afadhali angenisema.

Aliniruhusu nimchukue mwanangu. Njia nzima nilikuwa natafuta wa kumtukana. Nilimfikiria mtani, nikamfikiria mpwa, hata yule mjomba mwenye simu yake. Wote wakanishinda. Mtani alimtania mbele ya watu waliomwona akianguka, kisha akamlisha. Mimi niliwapelekea kicheko watoto wasiomjua hata bibi mwenyewe.

Nyumbani tukakaa mkekani. Nikamwambia, "Mwanangu, ile video ni mimi niliyeitoa."

"Najua. Niliiona siku ile ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unacheka, mama. Ulikuwa hujacheka tangu bibi afe."

Kumbe miezi yote hiyo alikuwa ananiamkia kila jioni huku anajua. Nilijisikia vibaya, nikaanza kujitetea, si unajua mtani anatania, hana nia mbaya.

"Najua mtani anatania," akasema. Alikuwa anavuta nyuzi za mkeka. "Mimi sikuwa natania."

Astaghafirullah ilikuwa ulimini tayari, na karipio nyuma yake. Nikaviuma vyote viwili. Nikamuuliza kile nilichoogopa kukiuliza. "Mpaka leo unataka akuchukue?"

"Kuna siku nataka."

"Na leo?"

"Asubuhi nilitaka. Sasa hivi sijui."

Sikungoja kubadilisha nguo wala kuuliza zaidi. Nikamshika mkono tukaenda hospitali, yeye na sare yake, mimi na chaki ya kushonea vidoleni. Kwenye foleni kulikuwa na wateja wangu wawili. Mmoja akataka kujua nani anaumwa na nini. Nikamjibu tu kwamba tumekuja kumwona daktari, kisha nikaingiza kichwa kwenye dirisha la mapokezi na kumnong'oneza nesi ili wao wasisikie: mwanangu anatamani kufa.

Nesi hakushtuka. Akatufungulia mlango wa pembeni, akatukalisha peke yetu, akachukua kalamu. "Ameanza lini kujisikia hivi?"

"Tangu msiba wa bibi yake," nikajibu.

Mwanangu akatikisa kichwa. Akamtazama nesi, si mimi.

"Tangu nilipokuja kuishi kwa mama."

Nesi akaandika. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya mkono wa mwanangu, na sikujua kama niuondoe.